Umesomea kilimo cha bustani, uingilie mlango gani?

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, swali lilelile huzuka sebuleni. Mtoto kapata alama za kuridhisha kwenye baiolojia na kemia, udaktari haufikii, ualimu hautaki, asomee nini? Mmoja akitaja kilimo, mjomba hucheka: "Kulima nako mpaka chuo?" Mwingine, aliyeona video ya kijana kasimama katikati ya nyanya zilizoiva, hujibu kwamba siku hizi hela iko bustanini. Wanabishana, lakini kosa lao ni moja. Wote wanadhani kilimo cha bustani ni kulima tu.

Hotikacha, kama wengi tulivyozoea kuiita, ni mboga, matunda, maua, viungo na mimea ya mapambo. Nyuma ya kila kimoja kuna msururu wa kazi, na nyingi kati ya hizo hazimhitaji mtu awe na shamba hata la robo ekari. Mwanafunzi anayeingia chuoni na picha ya shamba tu kichwani humaliza masomo bila kujua kazi zilizopo zinaitwaje. Ndiyo maana hukaa miaka akisubiri tangazo la Afisa Kilimo kwenye tovuti ya ajira serikalini, wakati jirani yake aliyesoma darasa moja naye anasimamia vitalu vya miche Njombe. Ushauri wangu unapingana kidogo na mazoea: chagua kwanza kazi unayotaka kuijua ndani ya msururu huo, chuo kifuate, na mradi wako mwenyewe uje mwisho kabisa.

Kuanzia kwenye punje

Tuanze Arusha, kwa sababu huko ndiko sehemu kubwa ya hotikacha rasmi ya Tanzania ilikojikusanya. Haikutokea kwa bahati. Miteremko ya Meru ina mwinuko wa mita 1,200 na zaidi, usiku wa baridi, mchana wa jua na maji yatokayo mlimani. Uwanja wa ndege wa KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, uko karibu, na lori likiondoka jioni linafika Nairobi kabla maua hayajachoka. TAHA, chama kinachowaunganisha wadau wa sekta hii tangu 2004, makao yake yako hapo. TARI Tengeru inayofanya utafiti na MATI Tengeru inayofundisha ziko barabara ya kwenda Moshi. World Vegetable Center ina kituo chake cha ukanda huu huko huko, na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, iko Ngaramtoni. Mwanafunzi akitembea wiki moja kati ya maeneo hayo anaweza kuona karibu kila kazi nitakayoitaja.

Msururu unaanzia kwenye mbegu, na hapa ndipo wengi wanapopita bila kuangalia. Pakiti ya nyanya chotara inayouzwa kwa bei inayomkunja mkulima uso haikutoka kwenye mashine. Mfanyakazi alifungua ua kabla halijakomaa, akaondoa sehemu yake ya kiume kwa kibano, kisha akalipaka chavua ya mzazi mwingine na kuweka alama ili tunda lile lijulikane wakati wa kuvuna. Kazi hiyo hurudiwa ua kwa ua ndani ya vitalu nyumba (greenhouse), nyingi ikifanywa na wanawake, na sehemu ya mbegu zinazotoka Arusha huenda kwa kampuni za Uholanzi. Msimamizi wa kazi hiyo anatakiwa kuitambua mimea ya mzazi wa kike na wa kiume kwa macho, kuing'oa ile isiyo ya aina yake mapema, na kuhakikisha kibanda kimoja hakichafui kingine. Kosa la asubuhi moja linaweza kuharibu mzigo mzima. Aliyesoma jenetiki ya mimea kwa kukariri tu ili afaulu mtihani huona hapo kwamba kumbe somo lile lilikuwa na mshahara ndani yake.

Kuna pia mbegu za mboga zetu za asili, zilizodharauliwa muda mrefu: mnafu, mgagani, mchicha, ngogwe. Watafiti wa Arusha wamezichagua na kuzisafisha kwa miaka, na aina za mnafu zinazoitwa Nduruma na Olevolosi zimebeba majina ya maeneo ya Arumeru. Anayependa maabara na kumbukumbu kuliko jembe, hapo ni kwake.

Baada ya mbegu ni kitalu, na hesabu yake ni rahisi. Nyanya zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, ekari moja inabeba miche kama 10,800. Mbegu chotara bora huuzwa kwa kuhesabiwa punje. Mkulima akiziatika kwenye tuta la udongo wa kawaida, kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga, kikapita na theluthi yake, amepoteza fedha kabla hajashika jembe. Kwa hiyo wakulima wengi wanaouza mjini sasa hununua miche iliyokuzwa kwenye trei, na mtu anayejua kuchagua udongo wa trei, kumwagilia bila kuozesha, kudhibiti wadudu wanaobeba virusi na kuikomaza miche kabla haijatoka kitaluni hakosi wateja.

Kwenye parachichi, thamani ya ujuzi huo inaonekana wazi zaidi. Parachichi la aina ya Hass halipandwi kwa kokwa. Hubebeshwa juu ya shina la parachichi la kienyeji lenye mizizi imara: kikonyo kikatwe kwenye mti mama uliothibitishwa, kisu kiwe kikali na safi, ganda likutane na ganda, pafungwe vizuri. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari inachukua miti 82 tu, kwa hiyo kila mche una uzito wake. Mkulima wa Rungwe au Siha aliyeuziwa Hass isiyo Hass huligundua hilo baada ya miaka mitatu, mti ukianza kuzaa. Kijana mwenye mkono mzuri wa kubebesha, ambaye miche yake mingi inashika, hulipwa kwa mche na huitwa hata mkoa wa jirani. Hakuna anayemuuliza GPA yake. (Ingawa ukiniuliza mimi, GPA nayo isidharauliwe; nitaifikia.)

Shambani, kazi yenyewe ni kufikiri

Tunafika shambani, mahali ambapo mjomba alidhani ndipo kazi inapoanzia na kuishia. Nimtumie kantangaze kueleza kwa nini shamba linamhitaji msomi.

Kantangaze ni nondo mdogo aliyetokea Amerika Kusini, akaingia kaskazini mwa Afrika 2008, na kufikia 2014 alikuwa ameshatua Tanzania na Kenya. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani, akala nyama ya katikati na kuacha ngozi mbili nyembamba, kisha akaingia kwenye tunda. Kwa kuwa yuko ndani, dawa ya kugusa haimpati vizuri. Mkulima akiona mdudu hafi, anaongeza dozi. Ikishindikana, anachanganya dawa mbili, mara nyingine bila kujua kwamba ni kiuatilifu kilekile chenye majina mawili ya biashara. Mdudu mwenye vizazi vingi kwa mwaka anapopigwa dawa ya kundi moja mfululizo, wanaobaki ni wale wasiodhurika, na ndio wanaozaa.

Mtaalamu anafanya nini tofauti? Anatundika mitego ya harufu inayowavuta madume, anahesabu waliokamatwa kila wiki ili ajue lini idadi inapanda. Anasoma lebo na kutazama kundi la kiuatilifu, siyo jina lake, kisha anabadilisha makundi kwa zamu. Anaamuru mabaki ya mazao yatolewe na kuteketezwa, kwa sababu shamba lililotelekezwa baada ya mavuno ndilo linalowalea wadudu wa shamba linalofuata. Anamshawishi mwenye shamba aache nyanya msimu mmoja apande kitunguu au mahindi. Haya yote yamo kwenye somo la chuo linalohusu udhibiti husishi wa visumbufu, na mwenye shamba aliyekwisha kupata hasara mara mbili hulipa vizuri kwa mtu anayeyajua kwa vitendo.

Mfano mwingine, mfupi. Nyanya au pilipili hoho ikianza kuoza kitako, wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Tatizo lile si ukungu. Kalisiamu haifiki kwenye tunda, na mara nyingi kalisiamu imo udongoni. Kinachokosekana ni umwagiliaji wa mpangilio, leo maji mengi na kesho hamna. Anayelijua hilo anamwokolea tajiri wake fedha za dawa kwa kubadilisha ratiba ya maji.

Kundi la kazi za shambani ni pana: bwana shamba au bibi shamba wa kampuni, msimamizi wa umwagiliaji wa matone, mtaalamu wa kitalu nyumba, mkaguzi wa wadudu ambaye kazi yake ni kutembea kwenye mistari na karatasi akiandika anachokiona. Kazi hii ya mwisho ndiyo mlango mwepesi kwa aliyetoka chuoni, kwa sababu haihitaji uzoefu bali macho na uaminifu. Wapo pia maafisa wa kampuni za mbegu na pembejeo, wanaozunguka vijijini kuanzisha mashamba ya mfano. Hawa wanaitwa watu wa mauzo na wanafunzi huwabeza, lakini ndani ya miaka miwili wanakuwa wameona magonjwa ya wilaya nzima. Pata leseni ya pikipiki kabla hujamaliza chuo. Matangazo mengi ya kazi hizi huitaka, na nimeona vijana wenye alama nzuri wakipitwa kwa sababu hiyo tu.

Kazi isiyotajwa darasani

Sasa nifike kwenye eneo ambalo naona linapuuzwa kuliko yote: viwango na ukaguzi.

Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa maharage mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya kukuta mabaki ya viuatilifu yanayozidi kiwango. Kiini cha tatizo kilikuwa dimethoate, dawa iliyokuwa ikitumika kwa miaka, ambayo kiwango chake kilichoruhusiwa kwenye chakula kilikuwa kimeshushwa sana. Wakulima wadogo waliokuwa wakilima kwa mkataba ndio walioumia, kwa kuwa mnunuzi asiye na uhakika na kumbukumbu za mkulima humwacha na kwenda kwa mwenye shamba kubwa linalofuatilika.

Somo la pale halikuwa kwamba dawa ni mbaya. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, na kila soko lina kiwango chake cha mabaki. Ni lazima awepo mtu anayejua viwango hivyo, anayeandika nani alipulizia nini, lini, kwa kipimo gani na kwenye kipande kipi, na mwenye mamlaka ya kusema "leo hatuvuni" hata kama ndege inasubiri. Mtu huyo anaitwa afisa viwango, au msimamizi wa ubora. Ndiye anayeandaa shamba kwa ukaguzi wa GLOBALG.A.P., kiwango cha kimataifa cha kilimo bora, ndiye anayefundisha wapuliziaji kuvaa vifaa vya kinga, ndiye anayefuatilia cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS, shirika la afya ya mimea, kwa Kenya. Kwa mzigo wa pilipili hoho au waridi, kiwavi mmoja wa nondo wa karantini akikutwa bandarini Ulaya, mzigo unazuiwa.

Kwa parachichi kuna jambo jingine: hailainiki ikiwa mtini, na ukiichuma changa itasinyaa badala ya kuiva. Kwa hiyo kabla ya kuvuna, hupimwa kiasi cha maada kavu ndani ya tunda, yaani kinachobaki maji yakiondolewa. Kenya imekuwa ikisimamisha usafirishaji kwa meli mwishoni mwa mwaka ili kuwazuia wanaovuna matunda machanga kwa tamaa ya bei. Tanzania nayo ilitia saini itifaki ya kuuza parachichi China mwaka 2022, na kila itifaki ya namna hiyo huja na masharti ya mashamba yaliyosajiliwa, vituo vya kufungashia vilivyokaguliwa na karatasi nyingi. Karatasi nyingi maana yake ni ajira kwa mtu anayezielewa. Ukiwa unapenda utaratibu, una Kiingereza cha kuandika ripoti na hupendi kubembeleza, kaa karibu na eneo hili.

Kituo cha kufungashia chenyewe kina kazi zake: kupanga madaraja, kusimamia chumba cha ubaridi, kupakia. Soko la ndani nalo ni shule kali. Nyanya za Ilula na vitunguu vya Mang'ola hufika Dar es Salaam kupitia mikono ya madalali, na kijana anayetaka kuwauzia hoteli au maduka makubwa lazima aelewe tenga, lumbesa, hasara ya njiani, na kwa nini bei ya Jumatatu si ya Alhamisi. Hakuna chuo kinachofundisha hayo. Shinda wiki mbili kwenye soko la Mabibo au Ilala kuanzia alfajiri, utayajua.

Bustani za mapambo nitazitaja kwa haraka, siyo kwa dharau. Hoteli za Zanzibar, kambi za watalii, taasisi na nyumba za watu wenye uwezo zinahitaji watu wa kupanga na kutunza mandhari, na vitalu vya maua pembeni ya barabara za Dar vinalisha familia. Mtaji wake ni mdogo kuliko wa nyanya, na maua ya mapambo hayaozi kwa siku tatu yakikosa mnunuzi.

Cheti, stashahada au shahada?

Ukishajua unaelekea wapi, suala la shule linakuwa jepesi.

Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi anaweza kuanza na cheti na kupanda hadi stashahada kwenye vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. MATI Tengeru ndiyo inayojulikana zaidi kwa stashahada ya hotikacha; vyuo vingine vya wizara, kama Uyole na Ilonga, vinafundisha kilimo kwa ujumla wake. Upande wa Zanzibar, mafunzo ya Kizimbani sasa yako chini ya chuo kikuu cha SUZA. Aliyemaliza kidato cha sita kwa michepuo kama CBG, PCB, CBA au CBN anaangalia SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako shahada ya hotikacha huchukua miaka mitatu. Kenya, jina linalotajwa kwanza ni chuo kikuu cha JKUAT, Juja. Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha wa shahada kwa muda mrefu, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imefungua pia mikopo ya stashahada kwa fani chache, kilimo ikiwamo. Vigezo hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako, usitegemee wa dada yako.

Mawazo yangu hapa yatawaudhi wazazi fulani: kwa mtoto anayetaka kuwa shambani au kitaluni, stashahada si kushindwa. Inampa mikono mapema, anaanza kulipwa mapema, na akiwa na GPA nzuri mlango wa shahada uko wazi, safari hii akijua anasomea nini. Shahada ya moja kwa moja inamfaa zaidi anayelenga utafiti, uzalishaji wa mbegu, viwango vya kimataifa au usimamizi, na hasa anayefikiria kuendelea na shahada ya uzamili. Hapo ndipo GPA inapokuwa na kauli, kwa sababu ufadhili wa masomo ya juu hauangalii mkono wa kubebesha.

Kinachowagawa wahitimu kwa kweli ni field. Chuo hukupeleka mafunzo kwa vitendo kwa wiki kadhaa, na wanafunzi wengi huchagua ofisi ya kilimo ya wilaya ya kwao kwa sababu chakula na malazi ni vya bure nyumbani. Naelewa sababu hiyo. Fedha ya kujikimu huchelewa au haipo. Lakini ukiweza kwa namna yoyote, omba nafasi kwenye shamba la biashara, kampuni ya mbegu au kituo cha kufungashia. Andika barua miezi minne kabla, siyo wiki mbili. Taja kitengo unachokitaka kwa jina: kitalu, umwagiliaji, ukaguzi wa wadudu, ubora. Barua inayosema "naomba nafasi yoyote" huishia kwenye faili la nafasi yoyote, na utapewa kufagia. Kufagia kwenyewe si dhambi, ila fagia ukiwa karibu na chumba cha kuchanganyia mbolea.

Na ukifika, beba daftari. Andika mbegu gani iliatikwa lini, ilichukua siku ngapi kuota, dawa ipi ilipulizwa, nini kilitokea siku ya tano. Piga picha za majani yenye ugonjwa ukiandika tarehe. Baada ya field mbili utakuwa na kitu ambacho wahojiwa wenzako hawana: mifano yako mwenyewe.

Wenye haraka ya kuwa matajiri wa tikiti

Kuna mchanganuo unaozunguka kwenye WhatsApp kila mwaka: ekari moja ya tikiti, miche kadhaa, kila mche matunda mawili, kila tunda bei fulani, zidisha, toa gharama, faida mamilioni kwa siku 75. Hesabu yenyewe huwa sahihi. Kinachokosekana ni mambo ambayo hayakuandikwa: miche iliyokufa, maua yaliyokosa nyuki wa kuchavusha, inzi wa matunda, wiki ambayo kila mtu wa Mkuranga na Bagamoyo amevuna, na dalali aliyekuja baada ya mvua kukata barabara.

Vitalu nyumba navyo vilipata wimbi lake. Watu walinunua vile vya mita 8 kwa 15 kama kifurushi, wakavisimika hata Dar es Salaam. Nyanya haipendi joto linalopita nyuzi 32 au 35 mchana. Chavua inadhoofika na maua yanadondoka. Kitalu nyumba cha plastiki kilichofungwa pwani huwa cha moto kuliko nje. Halafu nyanya zikipandwa humo msimu kwa msimu, mnyauko wa bakteria hujijenga udongoni, na hakuna dawa ya kupulizia inayoutoa. Teknolojia haikuwa mbaya, ilipelekwa pasipofaa na watu wasiolipwa kujua.

Kwa hiyo mhitimu aliyepewa na familia milioni kadhaa "aanzishe kitu" ningemwomba aziweke. Afanye kazi kwa wengine miaka miwili, hata kwa mshahara mdogo, aone hasara zikitokea kwa fedha za mtu mwingine na ajifunze zilivyotokea. Wapo watakaosema huko ni kuua ari ya vijana kujiajiri. Mimi naona ari huuawa vizuri zaidi na msimu wa kwanza ulioteketea na deni la shangazi. Anayesisitiza kuanza, aanze na kitalu cha miche: eneo dogo, mzunguko wa wiki nne hadi sita kwa mboga nyingi, na wateja wanaoagiza kabla hujaatika. Programu ya BBT (Building a Better Tomorrow) ya Wizara ya Kilimo, iliyozinduliwa 2023, imejaribu kushughulikia ardhi na mafunzo kwa pamoja kwa kuwaweka vijana kwenye mashamba makubwa ya pamoja, Dodoma kwa mfano. Ni njia moja, siyo ya kila mtu, na haiondoi haja ya kujua zao lako.

Wengine huwaza nje. SUGECO, ushirika wa wahitimu uliozaliwa SUA, umekuwa ukipeleka vijana kwenye mafunzo ya vitendo ng'ambo, Israeli na Marekani zikiwamo. Wanaorudi huwa wamejifunza nidhamu ya saa, umwagiliaji wa kompyuta na kasi ya kufungasha. Wengine hukiri kwamba miezi mingi walichuma tu. Na hatari nazo ni za kweli: Watanzania wawili waliokuwa kwenye mafunzo ya kilimo Israeli waliuawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023. Anayekwenda popote asome mkataba hadi ukurasa wa mwisho, ajue atafanya kazi gani, eneo gani, na bima inalipa nini, na nakala ya mkataba abaki nayo mtu wa nyumbani.

Wanachouliza kwenye usaili

Nimalizie na chumba cha usaili, maana huko ndiko kujua na kukariri kunakopishana. Mashamba ya biashara mara chache huuliza maana ya hotikacha. Watakuuliza kwa nini mbolea za matone zinawekwa kwenye tangi A na tangi B. Jibu ni kwamba kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti ikiwa nzito kwenye tangi moja hugandamana, ikawa mashapo yanayoziba vitundu vya mipira, na shamba zima likakosa maji sawa. Watakuwekea jani lenye madoa mezani na kukuuliza utaanza kuangalia nini. Wanataka kusikia ukiuliza kuhusu upande wa chini wa jani, hali ya hewa ya wiki hiyo, na kama tatizo liko kwenye mstari mmoja au shamba zima. Anayetaja jina la dawa kabla ya kuuliza chochote hupoteza alama.

Na watakupa hesabu. Lebo inasema mililita 500 kwa hekta, mnatumia maji lita 400 kwa hekta, bomba la mgongoni ni la lita 16: unaweka kiasi gani kwa bomba moja? Wahitimu wengi huanza kupima kwa vifuniko vya chupa hewani, kwa kuwa ndivyo walivyoona nyumbani. Gawanya 500 kwa 400, unapata mililita 1.25 kwa kila lita; zidisha kwa 16. Ni mililita 20, na ukiijibu hiyo bila kusitasita, swali linalofuata huwa ni lini unaweza kuanza.